Mwalimu kwanza, sabufa baadaye: kumpata na kumnoa mwalimu wa dansi na mazoezi mtaani Mwanza

Mtu anayetaka kufungua darasa la dansi na mazoezi mtaani kwake akija kuniuliza, swali la kwanza huwa ni sabufa. Ya wati ngapi, ya dukani au ya kuunda kwa fundi? La pili huwa kioo, la tatu mikeka. Mwalimu hutajwa mwishoni, mtu akiwa amesimama tayari mlangoni anaaga: "Aa, kuna kijana mmoja anacheza balaa, nitamchukua yule."

Darasa letu la Kitangiri limewahi kuendelea bila umeme, bila kioo, na kwa wiki mbili bila ukumbi, tukachezea uani kwa jirani katikati ya kamba za nguo. Wiki ambayo mwalimu hakutokea hatukufanya chochote. Tulipiga soga nusu saa, tukarudi majumbani na raba zetu mikononi. Kwa hiyo hapa nitazungumzia mwalimu tu. Nimepanga kwa hatua, ila hatua ya tatu na ya nne ndizo zenye nyama. Nyingine ukizipitia haraka sitanuna.

Hatua ya 1: Wajue watakaofundishwa

Kabla ya kumtafuta mwalimu, kaa na daftari uandike watakaokuja ni akina nani, wanatoka kazi gani na wana nafasi saa ngapi. Kazi hii inaonekana ndogo lakini ndiyo itakayokuambia unatafuta mwalimu wa namna gani.

Kwetu, wengi ni akina mama wa dagaa wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri kwenye giza. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi mingi hupumzika. Basi siku za giza mama huyu yuko Mwaloni tangu alfajiri, na siku za mbalamwezi ndiyo likizo yake. Ukimtoza ada ya mwezi, nusu analipia asichokitumia, na mwezi unaofuata humwoni. Tulipoanza kutoza kwa siku, walirudi. Na mwili wake nao una habari zake: shingo na mabega yamebeba beseni kutwa nzima. Mwalimu atakayemwanzishia pushapu siku ya kwanza hajamwangalia. Anayehitajika ni wa kumfungua mabega, kumnyoosha mgongo, kisha ndipo amchezeshe.

Wanaoishi juu kwenye mawe, Igogo au Mabatini, miguu yao ina nguvu kuliko ya mwalimu wako, kwa sababu kila siku wanapanda. Magoti ndiyo yanayolalamika, hasa wakati wa kushuka. Wa madukani na maofisini wamekaa tangu asubuhi. Viuno vimekaza kama mlango uliovimba kwa mvua.

Saa nazo ziangalie. Darasa la saa 12 kamili asubuhi linapendeza kwenye tangazo, lakini Mwanza saa hiyo bado ni giza. Miezi mingi jua hulioni mpaka saa 12 na nusu imepita. Mwenye gari atafika. Mwenye miguu yake atapita vichochoro gizani peke yake, na mume atauliza. Sisi tulichagua saa 11 na nusu jioni hadi saa 12 na dakika 20, siku tatu kwa wiki. Hesabu hiyo si ya kubahatisha: Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli siku mbili au zaidi. Dakika 50 mara tatu ni 150. Mwalimu wako aijue hesabu hiyo, ili asijione anaburudisha watu tu.

Hatua ya 2: Tafuta palipo na watu wanaofundishana tayari

Wengi huenda kwa wacheza shoo, vijana wanaocheza nyuma ya wasanii. Sikukatazi. Lakini ukiniuliza mimi, anza na kwaya. Mwalimu wa kwaya anayefundisha mwendo watu arobaini, wengine wazito, wengine wametoka shamba, na Jumapili wote wakatembea kama mwili mmoja, huyo amemaliza nusu ya kazi kabla hujamwona. Angalia pia vikundi vya jogingi: mtafute anayekimbia nyuma na wachelewaji, yule wa mbele mwache aendelee na mbio zake. Walimu wa michezo mashuleni ni hazina. Mkoa wetu una Chuo cha Maendeleo ya Michezo pale Malya, wilayani Kwimba, na mjini kuna Chuo cha Ualimu Butimba. Waliopita huko wanajua kupanga somo.

Na usipuuze ngoma. Nenda Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma ya mwezi wa Juni, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinaposhindana kuvuta watazamaji. Watu hukodoa macho kwa Bayeye, wachezaji wa nyoka, na chatu wao. Wewe mtazame manju, kiongozi wa ngoma. Mtazame anavyojua lini watu wamechoka, lini apandishe, lini atanie, lini anyamaze ngoma iseme. Sisemi ukamwajiri manju. Nasema ukishamwona akifanya kazi, utajua unachokitafuta kwa kijana wa Pasiansi.

Hatua ya 3: Jaribio la dakika 20

Usimwambie aje na shoo. Akija na shoo atakuonyesha shoo, utapiga makofi, na hutajua lolote.

Mwite Jumamosi. Mpe watu sita uliowachagua wewe: mama wa miaka 60 hivi; kijana wa mpira anayejiona; msichana mwenye aibu wa kujificha nyuma; mtu asiyejua kulia na kushoto (kila mtaa unaye, kwetu ni mume wa jirani yangu); mmoja anayejua kila kitu na kusahihisha wenzake; na wa sita mwambie achelewe, aingie dakika ya tano. Mpe wimbo mmoja. Kazi yake: awafundishe hatua nne, na dakika ya ishirini yeye akae kwenye kiti, wao wazicheze bila yeye.

Sharti hilo la mwisho ndilo chujio. Nimeona vijana wanaocheza mpaka ukuta unatikisika, lakini walipokaa chini watu sita walibaki wamesimama kama abiria wanaosubiri kivuko cha Kamanga. Walikuwa wamemfuata tu, hawakufundishwa kitu.

Kabla hawajaanza, funika kioo. Mimi natumia kanga mbili. Kioo kikiwa wazi, mcheza shoo anajitazama mwenyewe na wewe unadhani anatazama watu. Kikifunikwa, macho yake yanakosa pa kwenda. Ndipo utaona yanatua wapi. Mwalimu hutazama miguu ya watu, halafu nyuso, halafu miguu tena.

Mtazame anavyompokea aliyechelewa. Mwingine hamwoni kabisa. Mwingine anasimamisha muziki amsute. Unayemtaka ni yule atakayempa nafasi kwa mkono, bila kukatiza hesabu, na kurudia hatua ya kwanza kama vile alikuwa na mpango wa kuirudia.

Dakika ya 12 au hapo, zima umeme. Nakwenda kwenye swichi kuu mwenyewe na kuishusha. Sabufa inakata. Kuna waliosimama wakanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye TANESCO. Kuna aliyetoa simu akaanza kutafuta wimbo kwa dakika tatu nzima. Mwalimu wangu wa sasa alipiga makofi, akahesabu kwa mdomo, na yule mama wa miaka 60 akaanzisha pambio la kanisani lililoingia sawasawa kwenye mdundo. Wakaendelea. Sikurudisha umeme mpaka mwisho.

Wakimaliza, usiwaulize wale sita kama mwalimu anacheza vizuri. Watasema ndiyo wote, Wasukuma hatupendi kumvunja mgeni moyo. Waulize: "Leo ukifika nyumbani, hatua ipi unaweza kumwonyesha mwanao?" Ukisikia mbili kutoka kwa watu wanne, umepata mwalimu.

Hatua ya 4: Umnoe

Uliyempata bado hajakamilika. Mpe mwezi mmoja, na umlipe mwezi huo. Kuna mambo manne ya kumnoa nayo, na la mwisho ndilo linalovunja madarasa mengi kuliko yote.

La kwanza ni kuhesabu na kuita. Nyimbo nyingi tunazochezea huenda kwa nane, na nane nne, yaani mapigo 32, mara nyingi ndipo muziki unapogeuka: kiitikio kinaingia, au ala zinabadilika. Mwalimu anayebadilisha hatua katikati ya nane huwaangusha watu hata kama wana akili timamu. Na hatua mpya iitwe kabla haijafika. Katika nane ya mwisho, hesabu ya tano na sita awe ameshasema kinachokuja, ya saba na nane watu wajiandae. Zoezi lake: kwa wiki nzima, atembee ukumbini wimbo ukipiga, aite tu hatua bila kucheza. Ataona aibu siku mbili za kwanza. Siku ya tatu sauti yake itaanza kukaa juu ya muziki badala ya kupigana nao. Mfundishe pia ishara za mikono, la sivyo kufikia mwisho wa mwezi atakuwa hana koo.

Akiwaelekea watu, kulia kwao ni kushoto kwake, kwa hiyo lazima aseme "kulia" huku yeye akienda kushoto. Wengine huchukua wiki tatu kulizoea. Sisi tulipata njia ya mkato: ukumbi wetu upande mmoja unatazama ziwa, mwingine barabara. Mwalimu anasema "ziwani, ziwani, barabarani, barabarani", na mume wa jirani yangu hajakosea tangu siku hiyo.

La pili ni kasi. Mfundishe kupima wimbo: hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Kupasha misuli moto, dakika 8 hadi 10, tafuta nyimbo za mapigo 110 hadi 120 kwa dakika. Amapiano nyingi zimekaa hapo hapo. Katikati ya darasa, 125 hadi 140. Kumalizia, shusha, na dakika tano za kujinyoosha zisikatwe hata kama watu wanaangalia saa. Singeli ndiyo mtego. Vijana wanaipenda, akina mama wanaipenda zaidi, lakini inakimbia mapigo 200 na zaidi. Usiipige marufuku. Mwambie mwalimu acheze kwa nusu: hatua moja kwa kila mapigo mawili. Watu watapata kelele yote ya singeli na magoti yao watakwenda nayo nyumbani.

Kipimo cha nguvu hakihitaji saa ya mkononi. Anayecheza anaweza kuongea lakini hawezi kuimba? Hapo ni wastani, ndipo tunapopataka. Anaweza kuimba kiitikio chote? Mwongezee. Hawezi kumaliza sentensi? Mpunguzie.

La tatu, awe na kitu cha nyumbani. Bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, ni mazoezi kamili yaliyokuwepo kabla ya mtu yeyote hapa kusikia neno aerobiki. Watu walilima pamoja kwa mdundo: unainama kutoka kwenye nyonga, unainuka, jembe linazungushwa, linarushwa, linadakwa. Mapaja, mgongo, mabega na pumzi, vyote mara moja. Ukumbini jembe litaua mtu, basi tunatumia mpini wa fagio, na kwa anayetaka uzito, chupa ya maji ya lita 1.5 kila mkono, ambayo ni kilo moja na nusu. Siku umeme ukikatika tunapiga ngoma. Nimeona mama aliyekuja miezi miwili akijificha mstari wa mwisho akasogea mbele siku ya bugobogobo bila kuitwa, kwa sababu hiyo aliijua tangu utotoni kwao Magu, na kijana mwalimu ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Mwalimu mzuri hufurahia siku kama hiyo. Akinuna, mwangalie vizuri.

La nne ni adabu ya kusahihisha. Hapa nitakaa kidogo.

Kijana aliyejifunzia kwenye video za YouTube huingia na mtindo wa huko: anaelekeza kidole na kupaza sauti, "Wewe mwenye njano, shuka chini!" Mwenye njano ana miaka 58, ana duka la nguo, ana wakwe. Siku ya pili hakuja. Ya tatu, majirani zake watatu hawakuja. Hakuna aliyelalamika, na hutapata lalamiko. Watu wa hapa hawagombani na mtoto wa mwenzao, wanaacha tu kuja.

Basi mwalimu wako afike dakika kumi kabla na asalimie. Shikamoo kwa kila mkubwa, mmoja mmoja, si "shikamooni wote" ya kutupia kama mahindi ya kuku. Akijua "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwa darasa la asubuhi, atacheka na mabibi wa Kwimba na Misungwi mpaka muziki uchelewe. "Mama" inatosha kwa mwanamke yeyote aliyemzidi. "Bibi" asubiri mwenyewe aseme ana wajukuu, kwa sababu kuna waliokuja hapa mahsusi ili wasiitwe bibi.

Kosa alisahihishe kwa wingi. "Magoti yetu yaelekee vidole, yasiangukie ndani" inamfikia mwenye kosa na kumwacha na heshima yake. Asipolisikia, mwalimu ashuke, asimame pembeni yake, waelekee upande mmoja, afanye polepole mara nne. Si kusimama mbele yake. Pembeni. Ikibidi kuongea, iwe baada ya darasa, wakati wa kunywa maji:

"Mama, samahani. Lile goti la kushoto linauma, au ndivyo lilivyo?"

"Lilivunjika zamani, mwanangu. Nilianguka kwenye mawe."

"Basi tukichuchumaa, wewe ishia nusu. Nitakuonyesha ya kwako."

Mazungumzo haya yameokoa magoti mengi kuliko kelele zote za maiki.

Upande wa pili upo pia: wakubwa humtania mwalimu mchanga, na wengine humpima. Mama atasema, "Weweee, hiki kiuno mimi nimezalia watoto sita, utaniambia nini?" Mwalimu akikasirika amekwisha. Akisema, "Mama, ndiyo maana nataka utuongoze hatua hii," darasa ni lake. Utani ni sehemu ya kazi. Asiyeujua ajifunze, kama anavyojifunza kuhesabu nane.

Hatua ya 5: Watu wasiumie

Kila anayeingia mara ya kwanza, aulizwe na kuandikwa: presha, kisukari, moyo, ujauzito, operesheni ya karibuni, mgongo, goti. Aulizwe pembeni, si mbele za watu. Mwenye tatizo la moyo, presha isiyotulia, au aliyejifungua kwa operesheni juzi, alete kwanza neno la daktari. Mwenye kisukari anayetumia insulini sukari yake inaweza kushuka katikati ya mazoezi. Weka soda yenye sukari au glukosi karibu, na mwalimu ajue kwamba kutetemeka na kuongea ovyo huenda si uchovu. Anayesema kifua kinabana anasimama hapo hapo na kupelekwa hospitali. Neno "jikaze" nimelipiga marufuku ukumbini kwetu.

Sakafu yetu ni ya saruji, na naamini yako pia. Saruji hairudishi kitu, mshtuko wote unabaki mguuni. Kwa hiyo kuruka kuwe kidogo, kila hatua ya kuruka iwe na ndugu yake ya kukanyaga, na watu wavae raba. Kandambili hapana, hata kama ni mpya.

Kumgusa mtu: aulize kwanza, kila mara, na kama mwalimu ni mwanaume na mwanafunzi ni mwanamke, njia nzuri ni kumwonyesha tu kwa mwili wake mwenyewe. Asimtumie mwanafunzi ujumbe wa usiku usiohusu darasa. Kukiwa na watoto, asibaki nao peke yake mlango ukiwa umefungwa. Haya myaseme siku ya kwanza, kabla hayajawa kesi, kwa sababu yakishakuwa kesi kila mtu ana shangazi wa kumtetea.

Mkifanyia mazoezi ufukweni, na ni pazuri kweli jioni, mwalimu asiwaongoze watu kuoga ziwani kupoza jasho. Kichocho kiko kwenye maji ya kando kando hapa. Beba ndoo za maji.

Hatua ya 6: Pesa

Mwalimu wangu wa kwanza aliondoka na watu 17 kati ya 30. Alifungua darasa lake mtaa wa pili, na kwa wiki nzima nilimsema vibaya kwa kila aliyenisikiliza. Baadaye nikapiga hesabu. Alianza na watu kumi, nikamlipa shilingi 5,000 kwa siku. Darasa lilipofika watu 30, kwa shilingi 2,000 kila mmoja, nilikuwa napokea 60,000 na bado namlipa 5,000 ile ile. Nikaacha kumsema.

Sasa mwalimu anapata asilimia 40 ya makusanyo ya siku, na kiwango cha chini 10,000. Wakija 25, makusanyo ni 50,000 na yeye 20,000. Mvua ya masika ikipiga bati wakaja wanane, asilimia 40 ya 16,000 ni 6,400, lakini atapata 10,000 yake, kwa sababu nauli ya bajaji haijui kama mvua imenyesha. Analipwa siku hiyo hiyo, kwa simu, mbele ya daftari. Darasa lako likiwa la wenye kipato tofauti, weka namba nyingine. Muhimu ni kwamba chumba kikijaa na mfuko wake ujae.

Hatua ya 7: Jina na karatasi

Kwa ufupi. Usiandike "Zumba" kwenye bango kama mwalimu wako hana leseni yake. Ni alama ya biashara iliyosajiliwa, ya kampuni iliyotokana na mtindo wa Beto Pérez wa Cali, Colombia, na wanaofundisha kwa jina hilo hupewa leseni na kampuni. "Dansi na mazoezi" inaeleweka na haina mwenyewe. Nyimbo za watu kuzipigia biashara nazo zina haki zake, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Leseni ya biashara iulizie kwenye halmashauri yako: Kirumba, Kitangiri na Nyakato ni Manispaa ya Ilemela; Igogo, Mabatini na Mkolani ni Jiji la Mwanza. Mwenyekiti wa mtaa mwone kabla ya jirani hajamwona. Na adhana ya magharibi ikianza, sabufa inazimwa. Sisi hatulazimiki hata kukumbushana, kwa sababu saa 12 na dakika 20 tumeshamaliza.

Hatua ya 8: Wawe wawili

Mwalimu mmoja ataugua, ataolewa, ataitwa Geita kwenye msiba. Tangu mwezi wa pili, mchague mmoja kati ya wanafunzi wako amsaidie. Usimchague anayecheza vizuri kuliko wote. Mchague yule ambaye mgeni akiingia, yeye ndiye anayesogea kumpisha na kumnong'oneza "ziwani kwanza".

Mwanzoni aongoze kupasha misuli tu. Baada ya wiki mbili, kupasha na kujinyoosha. Kisha wimbo mmoja wa katikati, aupendao mwenyewe. Mwalimu mkubwa asimame mstari wa kwanza akicheza kama mwanafunzi, mdomo kafunga, hata mdogo akikosea nane. Na hii ni ngumu kwake kuliko kwa mdogo, kwa hiyo kubalianeni mapema. Makosa yasemwe baada ya watu kuondoka, mawili tu kwa siku, na moja alilofanya vizuri.

Wiki ya sita, mwachieni mdogo Jumatatu nzima. Wewe na mwalimu mkubwa msiende. Msikae nje kwenye bajaji mkisikiliza pia, nimeshafanya, wanaona. Jumatano ukirudi, usimuulize mtu ilikuwaje. Fungua daftari la mahudhurio, hesabu majina ya Jumatatu, halafu kasimame mstari wa nyuma, upande wa ziwa, usubiri kuhesabiwa nane ya kwanza.